Mwali wa Kwenye TV ya Chogo

Editha alifika Chamazi jua limeshazama nyuma ya mapaa, mkononi ana mfuko wa sukari kilo mbili na mkate. Kwa mtu aliyekaa miaka ishirini na mbili bila kumwamkia mama wa rafiki yake, sukari kilo mbili ni aibu tupu. Lakini mkono mtupu haulambwi. Dereva wa bodaboda alimshusha karibu na msikiti, akamwonyesha nyumba ya tatu, akageuza pikipiki na kuondoka bila hata kusema kwaheri.

Alichofuata ni mkanda wa video. Basi. Achukue mkanda, anywe chai kidogo kwa adabu, arudi zake Temeke kabla giza halijakolea. Ndivyo alivyojiambia njia nzima, na mtu akijiambia jambo moja njia nzima, ujue haliamini.

Wenye umri wao watakumbuka kipindi cha *Uani kwa Bi Tatu*. Kilikuwa kichekesho cha kila Ijumaa, saa moja na nusu jioni. Aliyekuwa na TV alijikuta na wageni hamsini sebuleni, wengine hata asiowajua. Mambo yenyewe yalikuwa ya kawaida: wapangaji wanagombania kamba ya kuanikia, baba mwenye nyumba anadanganywa. Watu walingoja mwisho wake. Mwisho wa kila kipindi mabinti wawili wa miaka kumi na tano walikaa kwenye vibao uani, wakaosha vyombo na kuimba. Somoe anaanzisha, Editha anaitikia. Mtaa mzima kimya, hata wanaume waliojifanya wanasoma gazeti.

Hakuna kilichobaki. Kituo kile kilikuwa bahili wa mikanda, kila kipindi kipya kilirekodiwa juu ya cha zamani mpaka vyote vikafutika. Siku hizi kuna ukurasa mtandaoni ambako watu wenye vitambi na mikopo wanalilia utoto wao. "Wale mabinti wa vyombo wako wapi jamani?" Haipiti wiki swali hilo halijaulizwa. Editha alilisoma kila lilipoulizwa, peke yake kitandani, kwenye chumba na sebule alichopanga tangu mume alipoondoka. Mtoto hakujaliwa. Hakuwahi kujibu. Angesema nini? Mmoja yuko Temeke, anashona sare za shule. Mwingine yuko kaburini.

Ndipo wiki iliyopita simu ikaita.

"Ni mama Somoe hapa. Mwanangu yupo kwenye TV, Editha. Njoo umwone."

Akadhani bibi wa watu kapata mkanda wa zamani. Wewe ungedhani nini?

"Hodi," alisema mlangoni.

Kilichotoka kumpokea ni harufu.

Liwa...

Liwa ni ule unga wa mti unaosagwa juu ya jiwe na kupakwa mwilini, na nyumba ikinuka liwa hivyo, watu wa pwani huuliza mwali ni nani. Harufu ile Editha aliwahi kuisikia hivyo mara moja tu, dirishani, akiwa na mkasi mkononi.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo Editha hakumwambia padri wala mume. Desemba ile, miaka ishirini na mbili nyuma, Somoe aliwekwa ndani. Kwao, watu wa Lindi, binti aliyevunja ungo hukaa chumbani siku zake zote zilizopangwa. Hufundwa na somo wake, mwanamke aliyechaguliwa kumfunda, na haonwi na mwanamume yeyote mpaka siku anapotolewa kwa ngoma. Mama mzazi haingii kwenye mafunzo hayo wala haimbi nyimbo zake. Editha, Mhaya, binti wa karani, hayo aliyaona kama likizo ya kulala tu. Na Alhamisi ilikuwa siku ya kurekodi kipindi cha mwisho. Mwongozaji alisema wazi: bila Somoe hakuna kipindi.

Basi Editha akaenda dirishani. "Saa mbili tu, Somoe. Tutarudi hawajajua." Akakata wavu wa mbu kwa mkasi wa shule, akamvuta mwenzake nje, liwa ikamwachia alama ya manjano mikononi.

Studio wakakuta hawana wimbo mpya. Somoe, kwa haraka, akaimba aliofundishwa mle ndani wiki ile. Editha akaitikia. Mwali ambaye hakutakiwa kuonwa hata na muuza maji, akaonwa na nchi nzima.

Ijumaa ile homa ikamshika. Wiki ya pili wakamzika. Hospitali walisema malaria. Kina mama walisema yao. Waliuliza sana ni nani aliyemtoa mwali kabla ya siku zake, na Somoe, mpaka kauli inamkatika, hakumtaja mtu. Editha hakwenda hata mazikoni. Alisema tumbo linamuuma.

"Pita, mwanangu. Mbona umesimama?"

Mama Somoe, Bi Mwajabu mwenyewe, alikuwa kwenye kochi, gizani. Bi Mwajabu yule aliyekuwa akipaza sauti ikasikika mtaa wa pili, sasa alikuwa amebaki kadogo ndani ya kanga zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuwa mtu mzima." Akaupokea mfuko wa sukari bila kuutazama. "Kaa. Bado kidogo. Adhana ikiisha ndo anaanzaga."

Mbele yao, juu ya meza, ilikuwapo TV ya chogo, zile nene za zamani zenye mgongo. Ile ile ya enzi za kipindi. Editha aliitambua kwa ufa wa pembeni. Akaangalia juu yake, akaangalia chini.

"Mama, deki iko wapi?"

"Deki ya nini?"

"Ya kuwekea mkanda."

"Mkanda gani, mwanangu?"

Waya wa TV ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kwa kitambaa, umelala sakafuni. Haukuchomekwa popote.

Adhana ikaisha.

Kioo kikapiga *tik*. Kikawaka.

Kwanza chenga, zile za zamani, kama mvua ya mchele. Halafu uani. Beseni. Povu. Na Somoe, miaka kumi na tano, gauni la maua, kifundo cha mkono kinang'aa maji. Kando yake kibao kilikuwa kitupu. Mikono yake ilikuwa imejikunja ngozi, kama ya mtu aliyeosha vyombo bila kupumzika kwa muda mrefu sana.

Akaimba.

"*Mwali yu ndani... nani amtoe?*"

Kisha akanyamaza. Akasubiri.

Yule mama akajifunika uso kwa kanga.

Editha alikuwa anaogopa, na wakati huohuo, Mungu amsamehe, alikuwa anafurahi. Sauti ile! Alikuwa ameitafuta kwenye kila redio, kwenye kila kwaya ya kanisani, miaka yote, na ilikuwa pale, haijazeeka hata siku moja. Machozi yalimtoka kwa upweke alioudhani ameuzoea.

"*Mwali yu ndani... nani amtoe?*"

Kimya. Tone la maji. Kimya.

"Kila siku," Bi Mwajabu alinong'ona. "Tangu Ramadhani iliyopita. Mie nimemzaa, siwezi kumwitikia, nyimbo za ndani mzazi haimbi. Nimemwita somo wake kutoka Mbagala. Kaitikia mpaka kakauka koo, mtoto kama hasikii. Nimemwita shangazi yake. Wapi! Anamtaka aliyemtoa. Mpaka huyo ajitaje, mwanangu hatoki humo." Akamgeukia. "Wewe ulikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Hakukwambia ni nani?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Miaka ishirini na mbili lilikuwa likimsubiri Editha, na jibu lake analijua tangu siku ya kwanza. Akilisema, mama huyu atajua ni nani aliyemuulia mwana. Asiposema, Somoe ataendelea kuosha vyombo vile kila magharibi, milele, na kumsubiri.

"Sijui, mama," alisema Editha.

Kwenye kioo, Somoe aliacha kuosha.

Akainua kichwa polepole. Akageuza uso. Hakutazama kamera, alimtazama Editha pale pale alipokaa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Safari hii sauti ilitoka ndogo, ya mtoto aliyechoka kugonga mlango uliofungwa.

"*Mwali yu ndani...*"

Hakuumalizia mstari. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

Ni hicho kidevu kilichomshinda Editha. Angeyaweza macho. Angeuweza hata mzimu, Bukoba wanayo mizimu yao. Lakini kuona rafiki yake anajizuia kulia, bado anamfichia siri baada ya yote yale... Editha alifumbua mdomo. Hakuwa ameimba tangu siku ile, na sauti ilitoka na kutu.

"*Ni mie*," aliimba. "*Ni mie, ni mie... namtoa mie.*"

Kioo kikazimika.

Giza. Kisha, sakafuni, hatua. Miguu mitupu, yenye maji. Ikapita mbele ya goti la Editha, karibu kiasi cha kuusikia ubaridi wake, na harufu ya liwa ikiwa imechanganyika na sabuni ya kipande. Pazia la mlango likajisukuma nje. Geti likalia. Nje, mtu akacheka mara moja, kicheko cha binti aliyefunguliwa.

"Kumbe," alisema Bi Mwajabu.

"Nisamehe, mama."

"Nimekupakulia wali kwa mkono huu. Sahani moja na mwanangu."

"Nisamehe."

Bi Mwajabu alisimama, akawasha kibatari, akaenda kufungua chumba cha pili. Editha aliona mkeka mpya. Dirisha lililozibwa kwa mbao. Jiwe la kusagia, na juu yake liwa mbichi, bado ina majimaji. Ilisagwa leo. Ilisagwa kabla yeye hajafika.

"Mama... ulikuwa unajua?"

"Siku zake zilibaki tisa," alisema yule mama taratibu, kana kwamba hakusikia. "Hazikukaliwa. Chumba cha mwali hakiachwi wazi kabla siku hazijatimia, Editha. Ukikiacha, kinaita mwingine. Vua viatu, mwanangu. Uji nitakuletea."

Geti lilikuwa wazi. Editha aliliona kupitia pazia, na taa za genge ng'ambo ya barabara, na watu wananunua nyanya. Angeweza kukimbia. Alijiuliza akimbilie wapi, na kwa nani, na ni nani atakayegundua akichelewa. Hakupata jina. Na mtu huyu, mwenye haki kuliko wote ya kumfukuza, ndiye wa kwanza baada ya miaka mingi kumwambia akae.

Akavua viatu.

Alikuwa ameshakaa mkekani, kichwa kimefunikwa kanga, vidole vya baridi vya Bi Mwajabu vinampaka liwa mikononi na mashavuni, simu ilipotetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Benedicta, jirani yake wa Temeke, anayegawana naye ukuta mmoja.

"We Editha, leo umefurahi nini mwenzetu? Mie miaka sita niko hapa sijawahi kukusikia unaimba! Nimetoka nje kabisa, majirani wote tumesimama uani kwako. Sauti gani hiyo shoga, ulikuwa umeificha wapi? Ila mbona hujawasha taa? Na mbona kila ukiimba kamstari kamoja ka mwali unanyamaza, kama kuna mtu unamngoja? Nigonge?"

Bi Mwajabu alikuwa amesimamisha mkono. Alikuwa anasikiliza naye, na machozi yalikuwa yanamtiririka kimyakimya.

Editha aliishika simu kwa vidole vya manjano. Akaandika polepole, ili asikosee.

"Usigonge, Benedicta. Mwitikieni tu."