Chuma Jichoni

Kila asubuhi kabla ya shule, binti wa mchomeleaji alifagia karakana ya baba yake, akakusanya mabaki ya vyuma kwenye ndoo na kuitundika miwani ya kazi ukutani. Zamani aliipenda kazi hiyo. Lakini kwa mwezi mzima sasa, kila alipoishika miwani ile, moyo ulimsuta.

Aliwahi kuichukua bila ruhusa akaenda nayo shuleni kuigiza urubani. Baba alipoiulizia, alisema hajaiona. Baba akakata chuma bila kinga, na kitu kikamrukia jichoni. Jioni jicho lilikuwa jekundu kama pilipili. Baba alisema ni vumbi tu, akanawa, yakaisha. Binti naye akaufyata.

Kisha mgongo ukaanza kumsumbua baba hata mguu ukafa ganzi. Daktari akamwandikia kipimo cha MRI, na binti akamsindikiza hospitali. Mpiga picha wa mashine hiyo, mama mmoja mpole, aliwaeleza kuwa mashine ile ni sumaku yenye nguvu ajabu, inayoonyesha hata mishipa ya fahamu bila mtu kupasuliwa. Sumaku hiyo haizimwi, kwa hiyo chuma hakiruhusiwi chumbani. Baba akavua saa na mkanda, akatoa funguo, akauliza kwa utani kama na maumivu anaweza kuyaacha kabatini.

"Fundi, umewahi kuingiwa na chuma jichoni?" mama yule aliuliza.

"Hapana, mama. Mimi huvaa miwani."

Binti alilikumbuka lile jicho jekundu. Akisema, uongo wake utafichuka. Akinyamaza, je? Mpiga picha alitia alama kwenye fomu, akafungua mlango mzito. Baba akaanza kuchechemea kuelekea ndani.

"Baba, usiingie," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Siku ile jicho lilipokuuma, miwani nilikuwa nayo mimi. Nilikudanganya. Labda halikuwa vumbi."

Baba alisimama mlangoni, akarudi nyuma.

Mpiga picha alisimamisha kila kitu, akaagiza eksirei ya macho. Ikaonekana chembe ya chuma, ndogo kuliko punje ya mchanga, imekaa ndani ya jicho la kushoto. Sumaku ingeweza kuisogeza na kumpofusha.

Daktari wa macho aliitoa. Wiki chache baadaye eksirei nyingine ilionyesha jicho ni safi, baba akapimwa, mshipa uliobanwa mgongoni ukajulikana, matibabu yakaanza. Siku hiyo binti alimwomba baba msamaha.

"Nimekusamehe, mwanangu, ingawa uliniumiza," baba alisema. "Na mimi nilikosea kulidharau jicho langu."

Mpiga picha, aliyekuwa akiwarudishia vitu vyao, alimshika binti bega. "Mimi siwezi kuona kilichomo mwilini mwa mtu kabla hajaingia humu. Nategemea majibu yenu. Ukikosea, sema mapema, hata kama utaaibika. Aibu hupita, lakini jicho likipotea halirudi."