Mnunuzi Halisi

Jumatano, saa 11:00 jioni

Royce Tackett alikuwa na desturi ya kupanga kazi kwa nati za magurudumu. Alizimwaga mezani, kwenye chumba cha nyuma cha gereji ya Vester Pruitt, akaziweka moja moja. Hii mlango. Hii kaunta. Ile kubwa yenye kutu, sefu. Corliss Ratliff alizitazama huku maharage na mkate wake wa mahindi vikipoa bila kuguswa.

Kazi yenyewe ilikuwa duka la silaha la Mzee Orville Fannin, pale Stony Gap, barabara ya kwenda mgodi uliofungwa. Corliss alifanya kazi humo miaka minne kabla ya kwenda jela. Royce hakumwita kwa ushujaa wake. Alimwita kwa sababu Corliss alijua mzee anavyofanya kazi.

"Hebu rudia," Royce alisema. "Vester kichwa chake kizito."

Vester alicheka. Alikuwa dereva, mtu mzima mwenye mikono myeusi kwa oili, na matusi ya Royce alikwisha yazoea.

Corliss akarudia. Bastola iliyotumika, ukiinunua kwa mtu wa jimbo jingine, hukabidhiwi mkononi ukaondoka nayo. Muuzaji anaituma kwa duka lenye leseni kwenye jimbo lako. Wewe unakwenda mwenyewe na kitambulisho chenye anwani yako ya sasa, unajaza fomu ya serikali, na mwenye duka anapiga simu uchunguzwe. Ukiwa na kifungo kama cha Corliss, hupati kitu. Na mpaka umalize yote hayo, huko kwa Fannin bastola inalala kwenye sefu, haikai kabatini.

Sefu hiyo ilikuwa na kufuli la saa. Mzee akibonyeza namba, anasubiri nusu saa ndipo mlango ukubali. Hafungui ovyo. Anafungua mteja anapokuja kuchukua mzigo wake.

"Na humo ndani?"

"Bastola thelathini na mbili. Zimetoka Tennessee, mali ya marehemu mmoja aliyekuwa akizikusanya. Mzee bado hajaziandika kitabuni. Anaandika kwa kalamu, namba kwa namba, na macho yake hayamsaidii. Mpaka Ijumaa hatamaliza."

Royce alitabasamu. Silaha ambazo namba zake hazijaingia kitabuni ni vigumu kufuatiliwa, na mnunuzi wake aliyekuwa akisubiri mjini alizitaka za namna hiyo.

"Kwa hiyo ufunguo wetu ni mteja," Royce alisema. "Mteja msafi."

Wote wawili wakamgeukia Corliss. Mteja msafi alikuwa amekwisha patikana. Alikuwa dada yake, Arlene, na hakujua lolote.

"Hataguswa," Corliss alisema. "Tulikubaliana."

"Nani amguse mwalimu wa watoto kanisani? Mimi nina mama, bwana," Royce alisema.

Corliss aliyataka sana maneno hayo yawe kweli, akayachukua kama yalivyo. Miaka miwili ya jela, Arlene alikuja kila Jumamosi, saa tatu za njia, na keki ndani ya kopo ambayo askari waliivuruga kwa kisu wakitafuta msumeno. Hakuna mwingine aliyekuja.

Corliss alimwambia Arlene uongo mmoja tu. Alimwambia ameipata bastola ya baba, ile ambayo mzee wao Denver aliiuza kwa mtu wa Tennessee mwaka mapafu yake yalipojaa vumbi la makaa. Iliyotumwa kwa Fannin ilikuwa nyingine, Royce aliinunua kwa sababu ilifanana nayo. Corliss akaongeza: pesa nitatoa mimi, dada, lakini jina langu halikubaliki. Wewe saini tu. Arlene akasema sawa, kwa ajili ya baba.

Alhamisi, saa 4:05 asubuhi

Gari lilikuwa nyuma ya kanisa la zamani, mita mia kutoka dukani. Walimwona Arlene akishuka kwenye gari lake dogo, amevaa sweta la kijani, akiupangusa mkoba wake kama anaingia ibadani. Mlango ukafunguka. Mzee Fannin alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Walisali kanisa moja.

"Fomu inachukua robo saa," Corliss alisema. "Walipatana saa nne, kwa hiyo mzee alibonyeza namba mapema na sefu imekwisha funguka."

"Saa nne na robo tunaingia," Royce alisema. "Corliss, wewe ni kaunta. Kuna kitufe cha king'ora chini yake. Mzee asikisogelee."

"Najua kilipo."

"Ndiyo maana unalishwa."

Saa 4:15

Royce aliingia kwanza, kinyago usoni na bunduki fupi mkononi. Corliss alimfuata na kinyago chake, bastola kiunoni. Mguu wake wa kushoto, uliovunjwa na mwamba mgodini, ulikokota sakafuni, akajaribu kuunyoosha. Mguu si mtu wa kuambiwa.

Sefu ilikuwa imefungwa.

Arlene alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja na kikombe cha kahawa, macho mekundu. Mzee Fannin alikuwa amesimama karibu yake na leso. Fomu ilikuwa juu ya kaunta, na kando yake kiboksi cha bastola, kitupu.

"Chini! Wote!" Royce alisema, na papo hapo akaona mlango wa chuma. "Kwa nini imefungwa?"

"Hakuna mauzo," Mzee Fannin alisema, akijishusha sakafuni kwa taabu. "Nimeirudisha bastola, nikafunga. Ndivyo sheria inavyotaka."

Royce aliinyakua fomu. Corliss aliisoma juu ya bega lake. Jina, anwani, mwandiko mzuri wa kishule. Kisha swali ambalo yeye mwenyewe, enzi zake kaunta ile ile, aliwaonyesha wateja mia kwa kidole: Je, wewe ndiye mnunuzi halisi wa silaha hii? Chini yake onyo kwamba kujibu uongo ni kosa la jinai. Arlene alikuwa ameweka alama kwenye Hapana.

Corliss alikuwa amewaza kila kitu: kufuli, king'ora, kitabu, macho ya mzee. Hakuwaza kwamba dada yake atausoma mstari huo, akaujibu kama alivyoulizwa. Na katika watu wote wa bonde lile, yeye ndiye aliyepaswa kujua.

"Fungua," Royce alimwambia mzee.

"Nusu saa. Hata ukiniua, ni nusu saa."

Corliss akatikisa kichwa kumthibitishia Royce. Ilikuwa kweli. Mzee akainuliwa kwa kola, akabonyeza namba, akarudishwa sakafuni. Taa nyekundu ya sefu ikaanza kuhesabu.

Saa 4:24

Royce aligeuza kibao cha mlangoni, Tumefunga, akasimama dirishani akimwambia Vester kwa simu asogeze gari nyuma ya duka. Akamwagiza Corliss awalinde hao wawili.

Arlene alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye zulia. Alitazama viatu vya Corliss. Kisha akautazama mguu wa kushoto. Corliss aliona anavyoelewa, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Hakulitaja jina lake.

"Bwana," alisema kwa sauti ya chini, kama anasema na mgeni, "ile bastola niliyokuja kuchukua waliniambia ni ya marehemu baba. Baba alipigilia misumari ya banda la kuku kwa kitako chake, kikawa na kovu. Mzee alinipa niishike kwanza. Haina kovu. Si ya baba."

Corliss alikitazama kiboksi kitupu juu ya kaunta.

"Nikajua nimedanganywa. Pesa si yangu, bastola si yangu, na hadithi nayo si ya kweli. Ningesaini nini hapo, bwana?"

Corliss aliona aibu. Hakuna neno jingine. Alitamani sakafu impokee yeye, si dada yake.

Saa 4:31

Mzee Fannin ndiye aliyeharibu, na hakufanya kwa ubaya. Kifua kilimbana, akaomba dawa yake iliyokuwa kwenye droo. Corliss akakokota mguu mpaka kwenye droo ya tatu, moja kwa moja, bila kuuliza ni ipi.

"Asante, Corliss, mwanangu," mzee alisema, kwa mazoea ya miaka minne.

Royce alikata simu. Hakupandisha sauti.

"Basi wanakujua wote wawili."

"Hawatasema."

"Huyu?" Royce alimnyooshea Arlene mdomo wa bunduki. "Huyu ameshindwa kuudanganya mstari mmoja wa karatasi. Njagu wa sherifu akimuuliza itakuwaje?"

Royce alikuwa amemsoma Arlene vizuri kuliko kaka yake alivyomsoma.

"Sefu ikifunguka tunapakia," Royce alisema. "Halafu unalimaliza hili mwenyewe. Ni uchafu wako. Ukishindwa, nafanya mimi, na wewe unakuwa wa tatu."

Akarudi dirishani. Corliss alirudisha chupa ya dawa kwenye droo. Kisha mkono wake ukapita chini ya kaunta, mahali pale pale alipoambiwa amzuie mzee asifike, akabonyeza. King'ora hicho hakilii dukani. Kinalia ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa eneo, ng'ambo ya mlima, robo saa kwa gari.

Alipoinua macho, Arlene alikuwa akimtazama. Alikuwa ameuona mkono.

Saa 4:46

Taa ikawa ya kijani. Royce alivuta mlango, akaanza kujaza mabegi, haraka, akipiga mluzi. Bastola ya thelathini na tatu ilikuwa juu kabisa, ina karatasi yenye jina la Arlene. Aliitupia Corliss.

"Kumbukumbu ya baba," alisema. "Haya, fanya."

Bastola haikuwa na risasi. Hakuna duka linalotunza mzigo wenye risasi, na Royce alilijua hilo pia. Ya Corliss mwenyewe, yenye risasi, ilikuwa kiunoni. Aliitoa taratibu.

"Njagu wako njiani, Royce. Nimewaita mimi. Ondoka sasa hivi, utawahi."

Royce alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

"Kwa ajili ya huyu?"

"Kwa ajili ya huyu."

Nje, honi ya gari ikalia mara mbili, kisha tairi zikachimba kokoto. Vester alikuwa ameona vumbi barabarani, na Vester hakuwahi kumsubiri mtu. Royce aligeuza bunduki kwa Arlene. Corliss hakulenga. Hakukuwa na muda. Alijitupa kati yao kwa mguu wake mbovu, na mlio ukajaza duka.

Royce alitoka mlango wa nyuma na begi moja. Alifika katikati ya uwanja wa kokoto. Hapakuwa na gari, palikuwa na maafisa wawili nyuma ya milango ya magari yao. Akalitua begi chini, akainua mikono. Mama yake anaishi bado, huenda alimkumbuka.

Saa 4:58

Arlene alikuwa amevua sweta la kijani na kulibana kwenye ubavu wa kaka yake. Kinyago kilikuwa kimemtoka. Mzee Fannin alikuwa ameshika mkono wake mwingine, akiomba kwa sauti ndogo.

"Ungeweka tu Ndiyo," Corliss alisema. Hakuwa akilaumu. Alikuwa kama anauliza njia.

"Ungeniambia tu kweli," Arlene alisema. "Ningekukatalia. Ungekasirika. Leo ungekuwa nyumbani umeninunia."

Afisa mmoja aliingia, bastola mbele, akawatazama wote watatu. Alimfahamu Arlene, mwanawe alikuwa katika darasa lake la Jumapili. Akapiga goti karibu yake.

"Mwalimu, huyu nani?"

"Kaka yangu."

"Alikuja kukuokoa, au alikuwa pamoja nao?"

Mzee Fannin alimtazama Arlene. Afisa alingoja. Alikuwa na uso wa mtu aliye tayari kuandika lolote atakaloambiwa. Corliss alifumba macho. Hakumwomba dada yake kitu, alikwisha mwomba vya kutosha.

Arlene alichukua muda mrefu kuliko alivyochukua kwenye fomu.

"Alikuwa pamoja nao," alisema. "Na yeye ndiye aliyewaiteni. Andika yote mawili."

Machozi ya Arlene yalimdondokea Corliss kwenye shati. Mikono yake haikulegea kwenye sweta mpaka watu wa gari la wagonjwa walipoibandua, kidole kwa kidole.