Nyoka wa Saa Tisa

Foleni ya duka kubwa mwisho wa mwezi haina adabu. Vikapu vinagonga visigino, watoto wanalilia peremende, na kila mtu anaamini mstari wa jirani unakwenda haraka kuliko wake. Katika foleni hiyo alisimama msusi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Kitana, maana tangu afungue saluni yake hakuna aliyemwona bila kitana kimechomekwa kichwani. Siku hiyo alivaa gauni la njano lililombana kiunoni na viatu vya wazi. Mkononi alikuwa na chupa za mafuta ya nywele, na akili yote ilikuwa kwa wateja aliowaacha chini ya mashine ya kukaushia.

Ndipo nyuma yake sauti ya mwanamume, nzito na ya taratibu, ikasema:

"Nimesema leo. Usinilazimishe kurudia."

Foleni ikanyamaza. Mhudumu wa malipo akabaki na sabuni hewani. Mama mmoja akavuta mkoba wake kifuani. Kila mmoja pale aliijua sauti ile. Siku za kazi, saa tisa alasiri, ilitoka katika kila dirisha la mji, kwenye tamthilia ya kigeni iliyoitwa *Damu ya Jumba Moja*. Ilikuwa sauti ya yule mume tajiri aliyemtowesha mkewe wa kwanza, akamdanganya wa pili, na sasa anamtolea macho shemeji. Jina lake la kwenye tamthilia lilikuwa gumu kutamka, kwa hiyo watazamaji walimwita Nyoka, yakaisha.

Kitana aligeuka akitarajia pande la mtu na koti la vifungo vya dhahabu. Akamkuta kijana wa kimo cha kawaida, mwenye miwani na shati la kijani lililopauka, ameshika ufagio kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine.

"Samahani," yule kijana alisema, akifunika simu. "Ni fundi bomba. Jikoni kwangu maji yananifika vifundoni."

"Fundi bomba baadaye," Kitana akamkata. "Mke wako wa kwanza umemweka wapi?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, na kwa kucheka huko akajisahau. "Yupo hai, dada. Amefungiwa kisimani. Utamwona Alhamisi."

Lo! Foleni nzima ilipiga kelele kama imemwagiwa maji ya moto. "Umetuharibia!" "Nani kakuuliza?" Mhudumu wa malipo alitupa sabuni chini.

"Miezi mitatu," Kitana akasema, mikono kiunoni, "miezi mitatu nabishana na wateja wangu kama yule mwanamke amekufa au la. Umeninyang'anya raha yangu mchana kweupe. Utanilipa."

"Nikulipe nini?"

"Kwa juisi. Baridi. Na usifikiri utaniambia ya Ijumaa."

Walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kibanda cha juisi, ufagio umeegemezwa ukutani. Ikawa kwamba yeye ndiye mtafsiri wa tamthilia ile na ndiye pia aliyemtilia Nyoka sauti, kwa kuwa studio yenyewe ilikuwa ndogo na watu hawakutosha. Kwa maoni yake, hakukuwa na tamthilia kubwa kuliko hiyo tangu televisheni ivumbuliwe.

"Acha masihara," Kitana alisema. "Hukuona *Dada wa Kambo*? Tulipokuwa shule, tulikuwa tunatoroka kipindi cha mwisho ili tuiwahi. Yule mama mkwe alikuwa na ubaya wa kuzaliwa nao. Huyu Nyoka wako ubaya wake wa kununua."

"Dada wa kambo alifufuka mara mbili. Mara mbili, Kitana!"

"Aliyekufa ana haki ya kurudi kama ana neno la kusema. Na mavazi je? Mabega yale! Mtu akiingia mlangoni, mabega yanatangulia, yeye anafuata."

"Hilo nakubali. Lakini machozi? Siku hizi watu wanalia kweli. Enzi zenu walikuwa wanatiwa maji machoni."

"Enzi zetu? Wewe na mimi nani mkubwa?" Alimpiga kibao chepesi cha bega, halafu akashangaa kwamba amempiga mtu asiyemjua. "Mwamuzi yupo," akasema haraka. "Mama yangu. Atakwambia zako na zangu zote ni takataka."

Mama yake Kitana alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyestaafu ukunga na kuhamia mbele ya televisheni kama mtu aliyepata kazi ya pili. Kijana alipogonga mlango, Kitana akiwa kando yake, mama aliitikia "Karibu" kwa furaha. Aliposema "Shikamoo, mama," mlango uliokuwa umeanza kufunguka ukafungwa.

"Huyu haingii hapa!" mama akapaza sauti kutoka ndani. "Mwizi wa wake!"

"Mama, ni kazi yake tu!"

"Na iwe kazi. Mtu hawezi kusema maovu vizuri namna ile kama hana mbegu yake tumboni."

Iliwachukua muda kumshawishi. Hatimaye aliketi kwenye kochi lake, akamtazama mgeni kuanzia kwenye miwani mpaka kwenye soksi, akatoa hukumu juu ya tamthilia za miongo yote. Ya Kitana ilikuwa nzuri, lakini kelele nyingi. Ya sasa ilikuwa na picha safi, ila watu wake wembamba mno, hawana nguvu ya kupendana. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya kwanza kabisa, alipokuwa bibi harusi mpya, mtaa mzima ukiwa na televisheni moja tu ya rangi mbili.

"Tulisimama dirishani kwa mwenye nayo, wanawake watupu. Na ile lugha hakuna aliyeielewa. Hakukuwa na wa kututafsiria kama wewe."

"Sasa mlifuataje hadithi, mama?"

"Tuliitunga! Yule mwanamume akifungua mdomo, mmoja anasema, 'Anamwomba msamaha.' Mwingine anasema, 'Thubutu! Anamwambia mahari irudishwe.' Tunagombana pale, tunakubaliana, tunakwenda kupika. Kila mtu alitia maneno yake mwenyewe. Ndiyo maana ilikuwa kubwa."

Kijana alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, kama mtu anayesikiliza habari za ndugu zake. Mama akaliona hilo. Alipoaga, mama alimwambia bintiye, "Sauti yake mbaya. Masikio yake mazuri."

Basi wakapendana. Kitana alimwita Nyoka wangu, naye akamwita Jaji. Simu zilianza asubuhi kabla saluni haijafunguliwa.

"Umeamkaje, Jaji?"

"Usiniongelee kwa sauti hiyo kabla sijanywa chai. Naona kama unataka kunirithi shamba."

"Una shamba?"

"Sina. Lakini ungelipata, ungelichukua."

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, kijana alimpeleka kuona chumba alichofanyia kazi. Kilikuwa kama kabati, kuta zimepigwa magodoro ya sifongo, kipaza sauti kimoja kinaning'inia, kiti kimoja. Wawili hawakuweza kukaa humo bila magoti kugusana. Kitana alivaa vipokea sauti vya masikioni, akapiga ukelele mmoja wa mke aliyesalitiwa, wakacheka mpaka miwani ya mwenzake ikaingia ukungu. Alipoinuka kurudi kazini, kijana alimshika ncha ya vidole. Hakutumia sauti ya Nyoka. Aliyasema kwa shida, akitazama chini.

"Ukiondoka, chumba hiki kinakuwa kikubwa mno."

Kitana aliondoka na maneno yale kama mtu aliyebeba yai kiganjani. Aliposuka, alisuka nayo. Wateja wakamuuliza mbona anacheka na ukuta. Hakumwambia yeyote, hata mama.

Majuma yakapita. Alasiri moja saluni ilifurika: mmoja kwenye sinki, wawili chini ya mashine, mmoja nywele nusu zimesimama nusu zimelala. Saa tisa ikafika, sauti ya televisheni ikaongezwa. Kwenye jumba, mke wa pili wa Nyoka alikuwa amefunga masanduku. Amejua yote. Nyoka akamfuata mpaka ngazini, akamshika ncha ya vidole, na ile sauti nzito ikasema:

"Ukiondoka, nyumba hii inakuwa kubwa mno."

"Uuuuwi!" wanawake wakaguna kwa pamoja. Aliyekuwa kwenye sinki akainua kichwa kikivuja povu. "Mwanamume anajua kudanganya huyu! Mimi ningerudi na masanduku yangu."

"Kila mwanamke anamwambia hivyo hivyo," mwingine akasema. "Hayo ni maneno ya akiba."

Kitana aliweka sindano ya kusukia mezani. Alikwenda nyuma, kwenye taulo mbichi, akampigia.

"Jaji! Umeitazama ya leo? Umeonaje?"

"Nimeona. Kumbe yale maneno nilipewa kabla hayajarushwa. Umenisomea karatasi ya kazini, nami nikajiona malkia."

"Hapana, subiri. Sivyo ilivyo—"

"Usinipigie tena. Ukikosa maneno, waombe waliokuandikia."

Akakata. Simu ikalia siku ile na siku zilizofuata, akaiacha ilie. Televisheni ya saluni aliiondoa ukutani, akasema imeharibika. Wateja wawili wakahama. Kijana alifika mara moja mpaka mlangoni, akamkuta anamsuka mtu. Kitana akamgeuzia mgongo mpaka akaenda zake.

Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, mama alimkuta bintiye jikoni akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Amekufanya nini?"

Kitana akasema yote, pamoja na maneno yenyewe, na alipoyatamka akalia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapandwa na hasira, lakini si zile bintiye alizozitarajia.

"Sasa, mwanangu, ulimwacha amalize kusema?"

"Amalize nini? Nilisikia mwenyewe."

"Miaka na miaka nimekaa mbele ya lile dude nikipiga kelele, 'Msikilize kwanza! Msikilize!' Ya rangi mbili, ya mabega, hii ya sasa, zote ni ugonjwa mmoja: mtu anataka kueleza, mwenzake anakimbilia ngazi. Nikadhani ni upuuzi wa waandishi. Kumbe ninaye humu ndani, ananimalizia sabuni." Akanyoosha mkono. "Lete simu."

"Mama, usi—"

"Lete, nimesema." Akapiga, akasubiri. "Wewe! Ndiyo, ni mimi. Kama una la kusema, njoo ulisemee hapa. Kama huna, usije. Na ukitumia ile sauti yako ya ngazini, nitakumwagia maji."

Alifika akihema, shati limefungwa vifungo vibaya, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama alimwonyesha kibaraza, akaingia ndani na kuacha mlango wazi kiasi cha sikio. Kitana alikuwa amekaa kwenye ngazi, khanga mabegani, hakumtazama.

"Sema."

"Nilikwambia wewe kwanza. Siku ile kabatini. Tamthilia tuliirekodi baadaye."

"Una hakika?"

"Nilipokuwa natafsiri, nikafika pale ngazini, mwandishi wao alimfanya Nyoka aseme, 'Nakupenda sana, usiende.' Basi. Mtu amedanganya wanawake mwaka mzima, ndiyo aseme hivyo tu? Nikatafuta maneno, na kila nililolitafuta nikakukuta wewe. Nikayaweka. Nikafurahi, Kitana. Nilidhani utayasikia na kujua ni wewe."

Kitana akageuka. "Hilo ndilo baya zaidi."

Kijana akarudi hatua moja nyuma.

"Kama yangekuwa ya karatasi, ningesema nimedanganywa, nikaoga, nikasahau. Haya yalikuwa yangu. Ulinipa mimi, kisha ukampa yule mnafiki awarushie watu wote. Mteja wangu, povu kichwani, anayarudia mbele yangu!"

"Mama yako alisema wao pale dirishani kila mmoja alitia maneno yake."

"Yao. Wewe ulitia yangu."

Hilo lilimwingia. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakujitetea. "Ni kweli," akasema. "Nilichukua kitu cha watu wawili nikakifanya kazi. Sikukuuliza. Nisamehe. Sitarudia, hata Nyoka abaki bubu."

Ndani, kijiko kilianguka. Kitana alimtazama kijana kwa mara ya kwanza tangu afike: mashavu yamekonda, vifungo vimepishana. Akajikuta anavifungua kimoja kimoja na kuvipanga upya, huku amekunja uso kama anayemsuka mtoto msumbufu.

"Umekula leo?"

"Sijala."

"Jana?"

"Nilijaribu."

"Mpumbavu wewe."

"Nataka kukuoa."

Vidole vikasimama kwenye kifungo cha juu. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Njiani nilitunga mazuri, mapya kabisa. Yakanipotea pale kwenye lango lenu." Jasho lilimtiririka kwenye masikio. "Nataka nikuoe, na... nataka hivyo."

"Mjibu basi!" mama akafoka kutoka ndani. "Hapa hakuna mapumziko ya matangazo!"

Kitana akacheka, machozi yakaja pamoja na kicheko, akayafuta kwa ncha ya khanga. Akafunga kifungo cha mwisho.

"Nimekubali," akasema polepole, apate kusikika na mmoja tu. Kijana akafungua mdomo, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka. Kitana akamshika mkono uliolowa, akamvuta kuelekea mlangoni.

"Twende ukamwambie mama mwenyewe. Viatu viache hapo."