Mwizi wa Kutunga

Kila asubuhi katika nyumba ile vita vilianza kabla chai haijapoa. Mama, fundi cherehani, alikuwa ameandika mpango wa safari kwenye karatasi ya kukatia nguo na kuubandika ukutani: siku ya kuondoka, kituo cha mpakani, na mtaa anaoishi dada yake katika mji wa bandari, nchi jirani. Dada hao walikuwa hawajaonana miaka tisa. Lakini watoto, wala habari hawana! Wao waligombania kiti cha dirishani katika basi ambalo hata hawajaliona.

"Dirishani nakaa mimi!" Binti akamsukuma kaka yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Nani kasema?" Kaka akampiga kikumbo. Chiriku akamng'ata mkono, kikombe kikaanguka na kuvunjika.

"Mmeanza!" Mama alifoka. "Mkifika kwa dada yangu na manundu usoni, nitamwambia nimewaokota njiani."

Jumamosi moja Mama akatoa pasi yake ya kusafiria, akampa Chiriku. "Kaitolee nakala dukani. Moja kwa moja kwenda, moja kwa moja kurudi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

Kusikia alisikia, ila miguu ilimpeleka uwanjani, kwenda kujishaua kidogo mbele ya wenzake. "Oneni! Mimi naenda kuiona bahari. Nyie bakini hapa mle vumbi."

"Hebu lete nione," alisema Kifimbo, msichana mwembamba wa darasa lao asiyependa maringo.

"Na mikono hiyo michafu? Thubutu!"

Lo! Hapo ndipo moto ulipowaka. Kifimbo aliikamata pasi, Chiriku akamshika nywele. Wakaangushana, wakakwaruzana, ngumi ikatua puani kwa Chiriku na damu ikamchuruzika hadi kidevuni. Waliponyanyuka, pasi ilikuwa imechanika na kutumbukia katika mtaro wa maji machafu. Kifimbo akatimua mbio. Chiriku akabaki akilia na majalada mawili yaliyolowa, akayatupa hukohuko mtaroni.

Mama alipomwona mlangoni, mkasi ulimtoka mkononi. "Nani kakufanya hivi?"

Ukweli ulikuwa tayari ulimini. Lakini Chiriku aliiona safari ya Mama ikifutika kwa ajili ya maringo yake, akaogopa. "Nimeporwa, Mama! Na mwanamume. Mrefu, ana koti la bluu." Moyoni alijipongeza. Mtu asiyekuwepo hawezi kukamatwa, wala hawezi kuumia. Basi akatia chumvi: "Halafu anachechemea."

Seremala wa jirani, aliyekuwa amekuja mbio baada ya kusikia kilio, akaruka. "Koti la bluu, anachechemea? Si yule mnoa visu? Nimempita sasa hivi hapo kona!"

Mtu yule alikuwepo kweli! Kila wiki alipita mtaani akisukuma baiskeli yenye jiwe la kunolea. Chiriku alikuwa amemzoea kiasi kwamba akili yake iliazima sura ya mtu huyo bila yeye kujua.

"Siyo huyo..." alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na seremala alikwishachukua ubao. "Kumpiga mtoto mpaka damu! Leo atatutambua!"

"Mwizi! Mwizi!"

Neno hilo likawatoa watu majumbani. Chiriku alipofika kona, mnoa visu alikuwa chini. Teke la mbavuni, jiwe la mgongoni, ubao wa begani. Alijaribu kuuliza, "Nimefanya nini, ndugu zangu?" Jibu likawa kiatu mdomoni. Baiskeli ilikuwa imekanyagwakanyagwa na koti la bluu lilikuwa jekundu begani.

"Nimedanganya! Si yeye!" Chiriku alipiga kelele hadi koo likauma. Nani angemsikia? Akapenya kwa magoti kati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya mnoa visu. Ubao ulikuwa umekwishainuliwa. Ukamshukia mkononi, mfupa ukalia, ka!

"Acheni! Ni mtoto!" Mama alipasua njia kwa viwiko.

Watu wakarudi nyuma. "Nilipigana na Kifimbo," Chiriku alisema akiukumbatia mkono wake. "Pasi imeangukia mtaroni. Huyu baba hajanigusa."

Ubao ukamponyoka seremala. Wengine waliweka mawe chini polepole, wakatafuta pa kutazama. Waliokuwa wa kwanza kupiga ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka.

Siku ya safari iliwakuta hospitalini. Mnoa visu alivunjika mbavu mbili, na jicho moja lilikuwa bado halifunguki. Chiriku, mkono umefungwa plasta, alisimama kando ya kitanda chake pamoja na Mama na seremala.

"Baba, nisamehe. Nilidhani namsingizia mtu asiyekuwepo."

Mnoa visu alivuta pumzi kwa taabu. "Ukishataja mwizi, mwanangu, watu watamtafuta mpaka wampate, hata kama hayupo. Walinipata mimi." Akamgeukia seremala. "Na wewe, fundi, ungeniuliza swali moja tu. Ningekujibu."

Seremala alilia waziwazi, mtu mzima yule, bila kujifuta. Baiskeli akaichukua yeye kuitengeneza.

"Nimekusamehe tangu uliponilalia pale chini," mnoa visu alimwambia Chiriku. "Lakini kila nyumba iliyosikia naitwa mwizi, isikie ukweli kutoka mdomoni mwako. La sivyo nikirudi na jiwe langu watanimalizia."

Maombi ya pasi mpya yakapelekwa, na safari ikasogezwa hadi likizo ijayo. Chiriku mwenyewe alimpigia mama yake mkubwa simu na kumweleza sababu, bila kuficha hata ya ngumi. Kisha kila jioni yeye, Mama na seremala wakapita mlango kwa mlango. Baadhi ya watu walimsikiliza. Baadhi walisema, "Aa, lazima kuna kitu alifanya," wakafunga.

Siku ya tano Chiriku aliketi ukingoni mwa barabara, amechoka. "Mama, mbona wengine hawataki kuamini?"

"Kusema uongo kulikuchukua dakika moja," Mama alisema. "Uliukimbiza mtaani bila hata kuufunga kamba. Sasa wengine wameshaukaribisha ndani, wameupa kiti. Ndiyo maana nakwambia useme kweli mapema, hata kama kofi linakusubiri. Kofi langu lingekwisha siku ileile."

Akampa mkono, akamwinua. Wakaenda kugonga mlango uliofuata.