Fundi Kufuli na Lugha ya Kwanza

Majirani zangu, na wewe usiyenijua, sogeeni mnisikilize. Haya nitakayosimulia sikuhadithiwa na mtu. Yametokea nyumbani kwa dada yangu mkubwa, na mengi nimeyaona kwa macho yangu haya mawili. Laiti yasingekuwa ya kweli.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Dada alikuwa ananisuka barazani, mimi nimekaa kwenye kigoda, kichwa nimekiegemeza kwenye magoti yake. Kazi yake ilikuwa ususi, na wateja walikuwa wakisema kwamba kwake unalipia nywele, maneno unaongezewa bure. Alikuwa haishiwi. Mumewe, fundi kufuli ambaye mtaa mzima tulimwita Bwana Funguo, alikuwa ameketi mezani na kompyuta ya mtumba aliyoipata wiki ile.

"Nataka nijifunze lugha," akatutangazia.

"Ya wapi tena hiyo?" dada akauliza.

"Ya kompyuta. Zile za kuandikia programu. Unaipa maagizo, nayo inatekeleza."

"Ahaa, umepata wa kukutii. Mimi nilikushinda."

Tulicheka hadi yeye mwenyewe akacheka. Alisema hatafuti ajira uzeeni, anataka kujifurahisha tu, ila kuna shida moja: lugha hizo ziko nyingi na hajui aanze na ipi.

"Anza na iliyo karibu, mume wangu," dada akasema. "Mtoto mchanga hachagui lugha. Anaanza na ile ya..."

Hakumaliza. Nilidhani anatafuta neno, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya maishani mwake. Kisha kitana kikaanguka, na mkono wake wa kulia ukateleza begani mwangu kama wa mtu aliyelala. Kilikuwa kiharusi. Nilifika naye hospitalini nikiwa nimesukwa nusu kichwa.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na kinywa chake hakikuweza tena kuunda neno. Lakini akili ilikuwa timamu, jamaa zangu, na hilo ndilo lililokuwa likiniliza. Alisikia yote, alielewa yote, alikuwa na ya kusema kama zamani, na yote yalibaki humo humo. Kabla hatujatoka hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alikuwa ametuambia kuna programu za kusaidia watu kama yeye: picha zinapangwa kwenye kioo cha kompyuta, mgonjwa anagusa picha, mashine inalitamka neno. Shemeji yangu alisimama palepale wodini.

"Nitamtengenezea mwenyewe," akasema. Akamshika dada mkono ule mzima. "Mke wangu, utasema tena. Nakuahidi."

Dada alitabasamu kwa nusu ya mdomo. Mimi nililia, na nilimpenda shemeji yangu siku ile kuliko siku zote.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipopotea.

Bwana Funguo hakuwa mvivu wala mtu mbaya. Aliamka mapema, alimwosha mkewe, alipika, alifunga kibanda chake cha kufuli saa sita ili ashinde naye. Lakini alikuwa na imani moja aliyoitoa kwenye kazi yake: kila kufuli ina ufunguo wake mmoja, na ukilazimisha mwingine unaharibu vyote viwili. Basi akaamua kwamba kati ya lugha zote za kompyuta lazima ipo moja iliyo sahihi, na haanzi mpaka aipate.

Akaanza kutafuta. Kulikuwa na ile yenye jina la nyoka, ambayo watu walisema ni nyepesi kwa anayeanza. Kulikuwa na ile yenye jina la kahawa. Kulikuwa na ile yenye jina la herufi moja tu, ambayo wazee wa fani waliapa kwamba asiyeijua hajui kitu. Alijiunga na makundi mtandaoni ambako watu wazima walitukanana juu ya lugha hizo kama mashabiki wa mpira. Jumatatu alikuwa wa nyoka. Alhamisi alisoma kwamba nyoka ana mwendo wa pole, akahama. Mwezi uliofuata aliambiwa lugha aliyohamia itakufa karibuni, akahama tena. Katika yote hayo hakuandika hata mstari mmoja.

Siku moja alifika kibandani msichana mmoja kuchongesha ufunguo, na kumbe kazi yake ni kuandika programu. Mimi nilikuwepo, nimeacha cherehani yangu ya sare za shule nikapeleka chakula. Shemeji akamweleza kila kitu, na yule binti akatabasamu.

"Mzee, kwa kazi yako hiyo yoyote inafaa. Chagua leo. Jumapili utakuwa na picha moja inayosema 'maji'."

"Haraka haraka haina baraka, binti yangu."

"Na ngoja ngoja je?" nikadakia. "Si huumiza matumbo?"

"Shemeji, wewe shona sare zako. Kila kufuli ina ufunguo wake."

"Hii si kufuli, mzee," yule binti akasema. "Huu mlango uko wazi. Ingia tu."

Alipoondoka, shemeji alisema vijana wa siku hizi hawana umakini.

Mimi na dada hatukungoja mashine. Tulitengeneza yetu. Alishika kijiko kwa mkono wa kushoto na kugonga chuma cha kitanda: moja ndiyo, mbili hapana, tatu naumwa. Niliyaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani juu ya kitanda, ili kila anayeingia ajue. Wiki chache baadaye nilikuta karatasi ile imefunikwa na jedwali kubwa lenye rangi nne, linalolinganisha lugha kumi na moja. Nilimgombeza shemeji. Akasema pale ndipo penye mwanga, na kwamba lile la vijiko ni la muda tu, la kweli linakuja. Nikaacha. Kwa nini niliacha? Nilikuwa nimechoka, nina sare za kushona, nikajiambia yeye ndiye mume. Kosa hilo ni langu na nitazikwa nalo.

Miezi kumi na minne ikapita hivyo. Wao wawili chumba kimoja, yeye akiwa amempa mkewe mgongo, anamtafutia sauti.

Jumanne moja mchana niliitwa nikiwa kazini, nikakimbilia kwa dada. Nilipofika, dada alikuwa ameshafunikwa. Daktari aliyeletwa nyumbani alisema ni kiharusi cha pili, na kwamba kama angefikishwa hospitalini mapema kwa saa mbili, huenda. Aliishia hapo hapo kwenye huenda. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake, kompyuta bado inawaka, mtu mmoja humo kwenye video anaeleza tofauti ya lugha mbili za kompyuta.

"Alikuwa anagonga," akaniambia. "Nikamwambia subiri kidogo, mke wangu. Akagonga tena. Nikampelekea maji. Hakuyataka, yakamwagika, nikamfuta. Akaendelea kugonga. Baadaye akanyamaza, nikashukuru amepata usingizi."

"Aligonga mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Shemeji. Mara ngapi?"

Akafikiri. Akainua kidole, akagonga meza taratibu, kama anayejaribu kukumbuka wimbo.

"Tatu. Halafu tatu. Halafu tatu tena." Akanitazama. "Tatu ni nini?"

Nilikwenda ukutani, nikalibandua lile jedwali, nikamwonyesha karatasi iliyokuwa chini yake. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari wa mwisho.

Baada ya mazishi sikumwona kwa muda. Halafu akaja kunichukua, amekonda, kompyuta kwapani hata barabarani, akaniomba twende kwake nikaone kitu. Alinikalisha chumbani mule, akafungua kompyuta. Zilitokea picha, zimepangwa vizuri, safi, mistari imenyooka kama kazi zake zote. Akagusa picha ya glasi.

"Maji!" akasema dada yangu.

Niliruka nikashika ukuta. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, yenye kicheko ndani yake. Shemeji alikuwa amekata maneno, moja moja, kutoka kwenye ujumbe wa sauti ambao dada alikuwa akimtumia kwenye simu enzi za uzima wake. Akagusa nyingine. Dirisha. Nyingine. Njaa. Nyingine. Naumwa.

"Umetumia lugha ipi?" Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Ya nyoka. Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Siku kumi na tisa, shemeji. Imenichukua siku kumi na tisa tu."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa naogopa. Nikianza nikashindwa, ningemwambia nini? Nilipokuwa bado nachagua, ilikuwa bado inawezekana."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya lolote, nikawa nazitazama zile picha moja baada ya nyingine.

"Umesahau neno moja," nikamwambia. "Alilokuwa akilisema kuliko yote."

"Lipi?"

"Kaa. Alikuwa akipigapiga godoro ubavuni pake kwa mkono ule mzima. Hukuwahi kumwona?"

"Nilimwona," akasema. "Nilidhani shuka limechafuka." Akakigeukia kitanda. "Nilikuwa nabadilisha shuka, shemeji. Kila alipofanya vile, nilimbadilishia shuka."

FUNZO

Jamaa zangu, sisemi kwamba kujifunza ukubwani ni kosa. Jifunzeni. Ukitaka lugha ya kompyuta kwa kujifurahisha, chukua yoyote leo hii, uharibu, urekebishe, uharibu tena. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimaanisha mtu anayejificha nyuma ya kuchagua kwa sababu anaogopa shamba, na kila nyumba ina mmoja wa namna hiyo. Pengine ni wewe unayenisikiliza.

Na kama una mgonjwa ndani, geuza kiti umtazame. Muulize anasema nini. Ukikosea, uliza tena, hata mara mia, hata akikukasirikia. Dada yangu aliishi miezi kumi na minne chumba kimoja na mwanamume aliyempenda kwa moyo wote, akafa hajaeleweka. Hilo halina lugha ya kulirekebisha.