Aliyefuta Usajili wa Chiriku

Mkunga aligundua kwamba hana mtihani akiwa amesimama kwenye korido ya wodi ya wazazi. Ujumbe kwenye simu ulikuwa mfupi: "Kama ulivyoomba kwa simu, usajili wako umefutwa." Zilibaki wiki tatu. Mwaka mzima alikuwa akipigana na hesabu za asilimia na vifungu virefu vya kusoma, apate alama za kumwingiza kwenye shahada ya uzamili. Na hakuwa amempigia mtu yeyote.

"Aliyepiga nitampata," alimwambia mwenzake wa zamu, "na mtihani nitaufanya."

Alasiri ile aliketi mbele ya karani wa kituo cha mitihani, mama mwenye miwani mizito.

"Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana," karani alisema. "Sauti ya mwanamke. Nilimuuliza swali la usalama, jina lako la utotoni. Akajibu Chiriku, bila kusita."

Chiriku. Ndivyo mama yake alivyomwita kwa sababu alikuwa mtoto mwenye maneno mengi, kabla kiharusi hakijamlaza kitandani na kumwachia mama huyo maneno machache.

"Kuna kingine unachokumbuka?"

"Alinikatiza mara mbili. Karibu yake kulikuwa na kengele, ile ya kutikisa kwa mkono. Ikilia anasema, 'Naja.'"

"Nikitaka kurudishwa?"

"Nina maombi mawili yanayopingana. Aliyepiga akiri mwenyewe, kabla ya Ijumaa."

Mkunga alianza na Metroni, aliyekuwa haishi kusema kwamba shahada haizalishi watoto.

"Shikamoo, Metroni. Jumatano saa sita ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Umehamia polisi?" Metroni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo. "Mwanangu, ningetaka kukuzuia ningekupanga zamu siku ya mtihani, basi. Ratiba naipanga mimi."

Akabaki Profesa.

Profesa, kama walivyomwita kwa mzaha, alikuwa muuguzi wa wodi ya jirani. Walisoma pamoja, na wote wawili waliwania nafasi moja tu ya ruhusa ya masomo. Jina la Chiriku alilijua vizuri. Alimtania nalo kila siku.

"Kwa hiyo mimi ndiye nifaidikaye," Profesa alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Haya, tusemezane. Kengele za wodi yetu ni za umeme, zinavuma kama nyuki. Ya kutikisa umeiona wapi hapa? Halafu Jumatano saa sita tulikuwa wote chini ya ngazi, tukigombania lile swali la treni mbili."

Mkunga akakumbuka. Uso ukamwaka kwa aibu. "Nisamehe."

"Nitakusamehe nikikuona ukumbini. Sitaki kushinda kwa sababu hukuja."

Alitoka hospitali akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yake. Mdogo wake alikuwa uani, mikono ndani ya beseni la mashuka. Kabla hawajasalimiana, kengele ililia kutoka chumbani.

"Naja," mdogo wake aliitika, akijifuta mikono kwenye khanga.

Mkunga alisimama mlangoni kama aliyepigiliwa msumari. Kengele ile aliinunua yeye mwenyewe, wakati mama alipoanza kuugua. Tangu aanze kujiandaa kwa mtihani, hakuwa ameisikia hata mara moja.

Alisubiri mama ageuzwe ubavu, anyweshwe maji.

"Jumatano ulipiga simu kituoni," alisema.

Mdogo wake hakukana. Alimtazama usoni. "Nilipiga. Na ningepiga tena."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Ukifaulu unaondoka miaka miwili. Nani anabaki? Mimi. Ulipokwenda chuo nilibaki mimi. Ulipopata kazi nilibaki mimi. Nami nilikuwa na akili, dada. Hakuna aliyeniuliza nataka kuwa nani."

Kila neno lilikuwa kweli, nalo halikuhalalisha alichotendewa.

"Umenikosea," alisema hatimaye. "Nami nimekukosea kabla yako. Lakini mtihani siuachi. Si kwa ajili yako, si kwa ajili ya yeyote."

"Basi mchukue mama. Leo. Tuone utasomaje."

Alidhani dada atarudi nyuma. Mkunga aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo za mama.

"Chumba changu ni kimoja," alisema. "Mama atalala kitandani. Mimi na vitabu tutalala chini. Nikifaulu, hatoki mtu hapa mpaka tupange upya nani anabaki lini, na wewe unasoma nini."

Kutoka kitandani mama alisema, kwa ulimi mzito, "Chiriku. Nibebe."

Machozi yalimtiririka mdogo wake, shingo ikiwa ngumu vilevile. Kisha akachukua simu, akampigia karani, akaeleza yote bila kujitetea.

"Nitamrudisha," karani alisema. "Ila nina hakika gani kwamba safari hii atafika ukumbini?"

Mdogo mtu alimtazama dada yake, aliyekuwa ameshamweka mama mgongoni.

"Huyu?" alisema. "Mkimfungia mlango, ataingilia dirishani."