Maji Laini ya Pipa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Namalwa alichota maji kwenye bomba la mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru. Katika mwaka huo wa 1956 bomba moja lilihudumia nyumba nyingi, kwa hiyo wasichana walipanga madebe yao mapema na kupiga soga wakingoja zamu. Maji yalitoka maangavu, lakini yalikuwa magumu. Ungesugua sabuni mpaka mkono uchoke ndipo upate povu kidogo.

Jumamosi moja mama yake alimpa birika alisafishe. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama saruji. Namalwa aliugonga kwa kijiko, na kipande kikabanduka.

"Baba, njoo uone! Birika limeota mawe!"

Baba yake, Mzee Makokha, alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alikitazama kipande kile akacheka. "Hiyo ni chokaa ya maji. Hata kwenye garimoshi tunaikwangua kila mara. Tukiiacha, mabomba ya ndani yanaziba na injini haivuti tena."

Alichukua kofia yake akaenda kazini. Namalwa alibaki ameduwaa. Ikiwa chuma cha garimoshi kinaziba, tumbo la Dalmas je? Mdogo wake huyo hakuwa ametimiza miaka miwili, na alipenda maji kuliko uji. Namalwa alimwona akilini amejaa mawe meupe.

Hakumwuliza mtu. Nyuma ya ghala moja kuukuu karibu na stesheni kulikuwa na pipa lililokinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Akina mama wengine walifulia maji hayo. Namalwa alikwenda na kipande cha sabuni akajaribu. Povu lilifura mikononi mwake mara moja! Maji haya hayana mawe, alijiambia kwa furaha. Tangu siku hiyo alijaza chupa pale kila jioni akamnywesha Dalmas kwa siri. Hakuyachemsha, kwa kuwa aliamini moto ndio unaoleta mawe.

Wiki haikuisha kabla Dalmas hajaanza kutapika na kuhara. Kufikia asubuhi ya pili macho yalikuwa yamedidimia, na alipolia hapakutoka chozi. Mama alimfunga mgongoni wakakimbia hospitalini, Namalwa akifuata nyuma.

"Mtoto anakunywa maji gani?" aliuliza muuguzi, Sista Jeruto.

"Ya bomba tu, Sista. Nayachemsha mwenyewe."

Namalwa alimtazama ndugu yake, ambaye kichwa kilimlegea begani mwa mama. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Si ya bomba," alisema. "Mimi nimekuwa nikimpa ya pipa la ghala. Bila kuchemsha."

Mama aligeuka. "Umempa nini mwanangu?" Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Namalwa angependelea apigwe kofi.

Sista Jeruto hakupoteza muda. Alimwita daktari, na Dalmas akatiwa maji ya dawa kwa mshipa.

Jioni hiyo Mzee Makokha na jirani yake Owuor walikwenda kwenye ghala, na Namalwa akawaonyesha pipa. Waliliinamisha, maji yakamwagika. Mwisho kabisa, pamoja na matope meusi, alitoka panya mkubwa aliyeoza, manyoya yamemtoka, funza wamemjaa. Harufu ikawarudisha nyuma wote.

"Mungu wangu!" Owuor alipiga kelele. "Mke wangu hufulia nepi za mtoto hapa!"

Namalwa aliinama kando ya ukuta akatapika. Baba yake hakumgombeza. Alichukua nyundo akatoboa pipa lile chini ili lisikinge maji tena, kisha wakapita nyumba kwa nyumba kuwaonya majirani.

Siku zilipita, na Dalmas akapata nguvu. Asubuhi moja aliketi kitandani akanyoosha mkono kwenye kikombe kilichokuwa mezani. Namalwa alikishika, akasita.

"Sista, haya yamechemshwa?"

Sista Jeruto, ambaye Namalwa alikuwa amemweleza habari ya mawe ya birika na ya panya, aliketi kando yake. "Yamechemshwa. Mpe anywe. Na usikie, mwanangu. Chokaa ya bomba huziba birika na injini, lakini tumboni mwa mtoto haigeuki mawe. Sabuni hupenda maji laini, lakini haiwezi kukuambia kama kuna mzoga ndani yake. Ulimpenda ndugu yako, ila ulificha hofu yako, na hofu hiyo ikakaribia kumuua. Ulipokubali kusema kweli mbele ya mama yako, tukajua la kufanya, na majirani wakaokoka pia. Basi siku nyingine ukiogopa jambo, uliza kwanza, kama ulivyoniuliza sasa hivi."